Titi Likibadilika: Mwongozo wa Kuyaelewa Matatizo ya Kawaida ya Matiti

Jirani yangu mmoja, mwanamke wa miaka 34, aligundua uvimbe wa ukubwa wa punje ya harage kwenye titi lake la kushoto alipokuwa akioga, sabuni ikiwa bado mkononi, na kwa miezi minane hakumwambia mtu yeyote. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alikaa kimya muda wote huo, alinijibu kwa maneno mawili tu: "Haukuwa ukiuma." Jibu hilo halikunishangaza, kwa kuwa karibu kila mtu ninayemfahamu hupimwa kwa sababu ya maumivu; jino likiuma tunakwenda, tumbo likisokota tunakwenda, na lisilouma tunaliacha lisubiri mwisho wa mwezi. Kwenye titi kanuni hiyo imesimama kichwa chini miguu juu. Matatizo mengi yanayouma sana ni yale yanayotibika kwa siku chache, ilhali uvimbe unaostahili kuchunguzwa mapema kuliko yote mara nyingi hauumi hata kidogo mwanzoni.

Ieleweke tangu sasa kwamba uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Hata hivyo hakuna vidole, viwe vyako au vya daktari mwenye uzoefu wa miaka mingi, vinavyoweza kuthibitisha jambo hilo kwa kugusa peke yake. Mwongozo huu unakuchukua kutoka siku unapohisi mabadiliko hadi siku unapoketi mbele ya daktari ukiwa na karatasi ya majibu mkononi.

Hatua ya 1: Fahamu kilichomo ndani ya titi

Titi la mwanamke mzima limeundwa na tezi zinazotengeneza maziwa, mirija inayoyapeleka maziwa hayo kwenye chuchu, mafuta yanayojaza nafasi iliyobaki, na nyuzi zinazoshikilia vyote hivyo. Tezi zimepangwa katika mafungu 15 hadi 20 yanayoelekea kwenye chuchu kama mabua ya ufagio yanavyokusanyika mahali pa kushikia. Mkusanyiko huo haukomei kwenye duara tunaloliona kwa macho, bali una mkia unaopanda kuelekea kwapani, na ndiyo sababu baadhi ya wanawake huvimba kwapa siku chache baada ya kujifungua wakadhani wameota jipu.

Tezi hizo huitikia homoni za estrojeni na projesteroni kila mwezi. Katika nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi titi hujaa, huwa zito na huweza kuwa na vinundu vinundu kama mfuko wa choroko, kisha hedhi ikianza hulegea tena. Umri nao una sehemu yake, kwa kuwa titi la msichana huwa na tezi nyingi na ni gumu, na baada ya ukomo wa hedhi tezi hupungua na mafuta huchukua nafasi yake. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari, "Una umri gani?", si la kujaza fomu tu, kwani jibu lake hubadilisha orodha ya magonjwa anayoyafikiria.

Hatua ya 2: Tazama na gusa, lakini usigeuze jambo hili kuwa ibada

Kwa miaka mingi wanawake wamefundishwa kujipima matiti kila mwezi kwa utaratibu maalumu. Utafiti mkubwa uliofanywa Shanghai miongoni mwa wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo, ambao matokeo yake ya mwisho yalitolewa mwaka 2002, ulionyesha kwamba waliofundishwa kujipima hivyo hawakufa kwa uchache zaidi kutokana na saratani ya titi kuliko wasiofundishwa, na zaidi ya hapo walikatwa vinyama, yaani vipande vidogo vya nyama vinavyopimwa maabara, vingi zaidi kwa uvimbe ambao haukuwa saratani. Kwa maoni yangu, somo la utafiti huo si kwamba mwanamke asijiguse. Linalofaa ni kuyazoea matiti yako mwenyewe kiasi cha kutambua kitu kipya, kama unavyoijua njia ya kwenda sokoni na kugundua mara moja kwamba mti fulani umekatwa.

Wakati unaofaa ni siku ya 7 hadi ya 10 tangu hedhi ianze, titi likiwa limelegea. Aliyekoma hedhi anaweza kuchagua tarehe yoyote ya mwezi. Simama mbele ya kioo mikono ikiwa chini, kisha iinue juu ya kichwa, kisha bana kiuno kwa viganja hadi misuli ya kifua ikaze, na katika kila mkao tazama kama ngozi inabonyea mahali, kama chuchu iliyokuwa imesimama sasa imevutwa ndani, au kama kuna sehemu ya ngozi iliyo na vishimo vidogo kama ganda la chungwa. Titi moja kuwa kubwa kuliko jingine ni kawaida ikiwa limekuwa hivyo tangu ujana.

Halafu lala chali, weka mkono mmoja chini ya kichwa, na kwa mkono wa upande wa pili tumia matumbo ya vidole vitatu vya katikati, si ncha zake. Vidole visikwaruze wala visibane nyama ya titi kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa sababu ukilibana titi hivyo utahisi uvimbe kila mahali hata pasipo kitu. Zungusha polepole kwa mkandamizo mwepesi, kisha wa kati, kisha wa kufika karibu na mbavu, ukipanda na kushuka kwa mistari kutoka katikati ya kifua hadi kwapani. Usiiache kwapa, wala sehemu iliyo juu na nje ya titi, ambako tezi ni nyingi na ambako uvimbe wa kila aina, mwema na mbaya, hutokea mara nyingi zaidi.

Ukikuta kitu, pima pia titi la pili mahali palepale. Kinachofanana pande zote mbili kwa kawaida ni umbile lako.

Hatua ya 3: Yachunguze maumivu kwa kalenda

Maumivu ya titi ni malalamiko ya kawaida sana, na maumivu peke yake, pasipo uvimbe wala mabadiliko ya ngozi, ni nadra kuwa dalili ya saratani. Kabla hujatumia fedha kwa vipimo, andika kwa miezi miwili siku ambazo titi liliuma na siku ambazo hedhi ilianza. Maumivu yanayokuja wiki moja au mbili kabla ya hedhi, yanayoshika matiti yote mawili hasa upande wa juu karibu na kwapa, na yanayotulia damu inapoanza, yanatokana na homoni. Yanahitaji maelezo mazuri kuliko dawa. Sidiria inayokaa sawasawa bila waya unaochoma, parasetamoli, au jeli ya diklofenaki inayopakwa juu ya ngozi, vinatosha kwa wengi. Ikiwa yalianza baada ya kubadilisha njia ya uzazi wa mpango, mweleze mtoa huduma.

Maumivu yasiyofuata kalenda, yaliyokaa sehemu moja, mara nyingi hayatoki kwenye titi kabisa. Bonyeza mbavu zilizo chini yake: ukiruka kwa maumivu pale ubavu unapokutana na mfupa wa kifua, chanzo ni ubavu au misuli, labda kwa sababu ya kutwanga, kubeba ndoo au kikohozi cha muda mrefu. Maumivu ya kifua yanayobana, yanayosambaa kwenye mkono au taya na kuambatana na jasho au kupumua kwa shida, ni suala la moyo, na hapo nenda hospitali wakati huohuo.

Hatua ya 4: Ikiwa unanyonyesha

Sehemu hii nitaitendea haki kwa urefu, kwa sababu ndipo akina mama wanapoteseka bila ulazima na ndipo ushauri wa mtaani unapokuwa mwingi kuliko maziwa yenyewe.

Kati ya siku ya 3 na ya 5 baada ya kujifungua maziwa huingia kwa wingi na matiti yote mawili hujaa, huwa ya moto na magumu. Huku si kuugua. Mtoto anyonye mara nyingi kadiri anavyotaka, na ikiwa chuchu imejikaza hata hawezi kuishika, kamua maziwa kidogo kwa mkono ili ilainike kabla hujampa. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi, kikiwekwa juu ya titi kwa dakika chache baada ya kunyonyesha, hupunguza uvimbe. Mahali pengi mama huchanwa titi kwa kitana au kukandwa kwa nguvu kwa maji yanayokaribia kuchemka, na nia huwa njema, lakini ukandaji wa nguvu huumiza mirija na kuongeza uvimbe ndani yake, na maji ya moto mno yamewaunguza wengi. Kugusa kwa upole, kama unavyompapasa paka, kunatosha.

Chuchu zilizopasuka karibu kila mara zinasimulia kwamba mtoto hakuliweka titi vizuri mdomoni. Kinachotakiwa kuingia si chuchu pekee bali pia sehemu kubwa ya duara jeusi linaloizunguka, mdomo ukiwa wazi kama anayepiga mwayo, mdomo wa chini ukipinduka nje na kidevu kikigusa titi. Mwombe mkunga au muuguzi akae nawe mtoto anaponyonya, si kukueleza tu kwa mdomo. Baada ya kunyonyesha, paka matone ya maziwa yako mwenyewe kwenye chuchu na uache ikauke kwa hewa. Ikiwa mtoto ana utando mweupe mdomoni usiofutika na wewe unahisi chuchu zikichoma kama pilipili, huenda ni fangasi, na mnapaswa kutibiwa wote wawili kwa pamoja.

Ukihisi sehemu moja ya titi imekuwa nyekundu au imekolea rangi, ina joto, inauma, na mwili mzima una homa na kutetemeka kama mtu mwenye malaria, hayo ni maambukizi ya titi. Hutokea zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, hasa maziwa yanapokwama au bakteria wanapopita kwenye chuchu iliyopasuka. Endelea kunyonyesha, hata upande unaouma, kwa kuwa maziwa hayo hayamdhuru mtoto, na kuacha ghafla ndiko kunakotengeneza jipu. Aibuprofeni na parasetamoli zinaruhusiwa kwa mama anayenyonyesha. Ikiwa hupati nafuu ndani ya saa 24, au umeanza ukiwa na homa kali, mwone tabibu akuandikie antibayotiki inayofaa, na umalize dozi hata kama homa imekwisha siku ya pili. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI awasiliane na kliniki yake siku hiyohiyo, kwani kwake ushauri ni tofauti: hunyonyesha kwa titi lililo zima, akakamua na kumwaga maziwa ya titi lililoambukizwa hadi lipone.

Iwapo baada ya siku mbili tatu za dawa kumebaki donge linalouma na linalobonyea kama chungwa lililooza, humo ndani kumejaa usaha. Jipu la titi haliponi kwa vidonge pekee. Siku hizi mengi hunyonywa kwa sindano, mara nyingi daktari akiongozwa na ultrasaundi, na huenda ukarudi mara mbili au tatu. Makubwa au yanayokaribia kupasuka hupasuliwa. Kulikanda kwa majani ili lipasuke lenyewe huacha kidonda kinachovuja maziwa kwa wiki nyingi.

Sasa jambo moja ambalo naomba lisisahaulike. Titi lililovimba, lenye joto na rangi iliyokolea ambalo halijapata nafuu ya kweli baada ya wiki moja hadi mbili za antibayotiki, lipigwe picha na litolewe kinyama, na hali hiyo ikimpata mwanamke asiyenyonyesha, uchunguzi usisubiri hata wiki hizo. Ipo saratani inayojifanya maambukizi, ikilivimbisha titi lote bila kutengeneza donge. Upo pia kifua kikuu cha titi, ambacho si cha kawaida lakini katika nchi zetu hakiwezi kufutwa kwenye orodha, hasa jipu linaporudi kila linapotibiwa.

Hatua ya 5: Uvimbe, na kwa nini umri una sauti kubwa

Kwa wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 35 uvimbe unaopatikana zaidi ni fibroadenoma. Ni mviringo, una kingo zilizo wazi, ni mgumu kiasi kama mpira wa kufutia, hauumi, na ukiusukuma kwa kidole huteleza upande wa pili. Hautokani na uchafu wala chango, na haugeuki kuwa saratani kwa kawaida. Ukishathibitishwa kwa vipimo unaweza kuachwa na kufuatiliwa. Unaokua haraka au kupita ukubwa wa ndimu hutolewa, kwa sababu upo uvimbe mwingine wa nasaba yake ambao hukua mbio na wakati mwingine huwa mbaya.

Kati ya miaka 35 na 50 vifuko vya maji huchukua nafasi ya mbele. Huibuka ghafla, huweza kuuma kabla ya hedhi, na ultrasaundi huvitambua bila shida. Kifuko chenye maji matupu hakihitaji chochote isipokuwa kikikuuma, na hapo hunyonywa kwa sindano. Maji yakiwa na damu, au donge likibaki baada ya kunyonywa, uchunguzi unaendelea. Mama anayenyonyesha naye anaweza kupata kifuko kilichojaa maziwa yaliyoganda. Titi lililogongwa, kwa mfano na mkanda wa gari katika ajali, huweza kubaki na donge gumu la mafuta yaliyokufa, ambalo hata kwenye picha linafanana sana na saratani hadi kinyama kitolewe.

Saratani yenyewe mara nyingi huwa ngumu kama kokoto, kingo zake hazieleweki, na hukataa kusogea. Neno "mara nyingi" hapo lina uzito, maana nyingine huwa laini na huteleza. Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya titi na 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya wagonjwa wana umri chini ya miaka 50, kwa hiyo kumwambia mwanamke wa miaka 38 kwamba yeye bado ni kijana mno kwa ugonjwa huo ni kosa. Historia ya mama au dada kuugua huongeza hatari, na pombe pia, na unene baada ya ukomo wa hedhi, huku kunyonyesha kwa muda mrefu kukiipunguza. Lakini takriban nusu ya wanaougua hawana sababu yoyote inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kuwa na umri uliosogea. Kuhifadhi noti au simu ndani ya sidiria hakujathibitishwa kuleta saratani, ingawa wezi wa sokoni wanaweza kuwa na hoja nyingine.

Kanuni ninayoishika ni hii: uvimbe mpya unaobaki palepale baada ya hedhi inayofuata kwisha upelekwe hospitali, na aliyekoma hedhi asisubiri mwezi. Uvimbe ulioambatana na ngozi kubonyea, chuchu kuvutwa ndani, kidonda, damu au donge kwapani usisubiri hedhi wala mshahara.

Hatua ya 6: Chuchu na yanayotoka humo

Uliza maswali matatu: yanatoka yenyewe au hadi ubinye, yanatoka titi moja au yote mawili, na yana rangi gani? Majimaji yanayotoka pande zote mbili, kwenye matundu mengi, tena ukibinya tu, kwa kawaida hayana neno, na dawa yake ni kuacha kubinya. Maziwa yanayotoka kwa mwanamke asiye mjamzito wala asiyenyonyesha huweza kusababishwa na dawa kama metoklopramidi ya kuzuia kutapika au haloperidoli na risperidoni za magonjwa ya akili, na pia na tezi ya ubongoni inayotoa homoni ya prolaktini kupita kiasi, hivyo daktari ataagiza kipimo cha ujauzito, cha homoni hiyo na cha tezi ya shingo. Ute mzito wa kijani kwa mwanamke anayekaribia ukomo wa hedhi mara nyingi ni mirija iliyotanuka.

Damu, au majimaji maangavu kama maji, yakitoka yenyewe kwenye tundu moja la titi moja, lazima yachunguzwe. Chanzo cha kawaida ni uvimbe mdogo usio saratani ulioota ndani ya mrija, lakini saratani hutoa dalili hiyohiyo. Kadhalika ukurutu unaoshika chuchu ya upande mmoja na kukataa mafuta ya kupaka kwa wiki kadhaa usiendelee kupakwa, kwa kuwa upo ugonjwa wa chuchu uitwao Paget, ambao ni saratani iliyovaa sura ya ukurutu.

Watoto na wanaume wasisahaulike. Mtoto mchanga, wa kike au wa kiume, anaweza kuzaliwa na matiti yaliyovimba yanayotoa tone la maziwa kwa sababu ya homoni za mama yake. Msiyabinye, kwani kuyabinya ndiko kunakoleta jipu. Msichana wa miaka 8 hadi 13 anayeota donge laini chini ya chuchu ya upande mmoja anaanza kubalehe, na kulikata donge hilo ni kulikata titi lenyewe kabla halijakua. Wavulana wengi huvimba kidogo wakati wa balehe na kupona ndani ya miaka miwili. Kwa mwanamume mzima, titi linaweza kukua kwa sababu ya ini, pombe au dawa kama spironolaktoni na efavirenzi, lakini donge gumu la upande mmoja lipimwe, kwa sababu takriban mgonjwa mmoja kati ya 100 wa saratani ya titi ni mwanamume, na huchelewa kwa kuamini kwamba ugonjwa huo si wake.

Hatua ya 7: Hospitalini, dai vitu vitatu

Uchunguzi kamili wa uvimbe una nguzo tatu: kupimwa kwa mkono, picha, na kinyama. Chini ya miaka 40 picha huanza kwa ultrasaundi, kwa sababu titi lenye tezi nyingi huonekana jeupe lote kwenye eksirei na uvimbe mweupe hupotea humo kama chumvi kwenye unga. Kuanzia miaka 40 mamografia, yaani eksirei ya matiti, huongezwa. Titi hubanwa kati ya vibao viwili kwa sekunde chache, na hukera zaidi kuliko kuumiza. Usipake poda wala manukato ya kwapani siku hiyo, kwani chembe zake huonekana kwenye picha kama chokaa ya ugonjwa.

Kinyama hutolewa kwa sindano nene baada ya ganzi, nawe hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hofu kwamba sindano "huiamsha" au kuisambaza saratani imewagharimu watu wengi muda wao, na haina msingi. Kosa la kweli ni kinyume chake, yaani kukubali uvimbe ukatwe wote bila kinyama kutangulia, na pengine uvimbe huo utupwe. Kabla hujaingia chumba cha upasuaji, uliza kwa sauti: "Kitakachotolewa kinapelekwa maabara gani?" Katika baadhi ya hospitali ndugu ndiye hukabidhiwa chupa aipeleke, na hapo hakikisha kinyama kimezama kabisa kwenye fomalini, si maji wala spiriti, chupa ina jina lako, na umepewa stakabadhi. Fika maabara siku hiyo au kesho yake, maana kinyama kilichochelewa huharibu vipimo vitakavyofuata.

Zahanati huweza kukupima kwa mkono na kukuandikia rufaa. Matibabu ya saratani yenyewe yanapatikana katika vituo kama Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando mjini Mwanza, KCMC mjini Moshi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret na Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyopo Mulago, Kampala.

Hatua ya 8: Soma karatasi ya majibu

Madaktari huonyesha mahali pa uvimbe kwa kulifananisha titi na uso wa saa, na hapo Kiswahili chetu hutuponza. Karatasi ya jirani yangu ilikuwa ya Kiingereza, na binti yake wa kidato cha kwanza alipoitafsiri aliandika "saa nane", kama alivyofundishwa, mama akajua ni saa ya miadi, akafika hospitali saa nane mchana akiwa na nauli ya kuazima. Kilichoandikwa kilikuwa namba 2 kwenye uso wa saa, yaani sehemu ya juu ya titi la kushoto, upande wa kwapa. Soma namba kama mshale unavyoielekea, usiigeuze kuwa saa ya Kiswahili, kwani ukisoma "saa mbili" yetu mshale utakwenda kwenye namba 8, chini upande wa ndani, na huko hakuna kitu.

Mwishoni mwa ripoti ya picha utakuta neno BI-RADS, ambalo ni mfumo wa kupanga matokeo ya picha za titi kwa kiwango cha shaka, na namba. Namba 1 ni titi la kawaida, 2 ni kitu kisicho na madhara, na 3 ni kitu ambacho karibu hakika si saratani, uwezekano wake ukiwa hauzidi asilimia 2, na picha hurudiwa baada ya miezi sita. Namba 4 na 5 zinataka kinyama, ya 5 ikiwa na shaka kubwa zaidi. Sifuri humaanisha picha haikutosha na nyingine inahitajika, na 6 ni saratani iliyokwisha kuthibitishwa. Hizi si hatua za ugonjwa; nimemwona mtu akilia kwenye benchi kwa kudhani BI-RADS 4 ni saratani ya hatua ya nne.

Ikiwa kinyama kimeonyesha saratani, omba kipimo cha vipokezi vya estrojeni na projesteroni, yaani sehemu za seli zinazozipokea homoni hizo, na cha HER2, protini inayoweza kuichochea saratani ikue, kwa sababu ndivyo vinavyoamua dawa. Mwenye vipokezi vya estrojeni huweza kupewa tamoksifeni au dawa nyingine ya kukabili homoni, kidonge cha kila siku kwa miaka isiyopungua mitano, na kukiacha kwa sababu "sasa nimepona" ni kuuacha ulinzi mlangoni. Tunza nakala ya kila karatasi, na uliza namba ya sampuli yako maabara, kwa sababu vipimo hivyo vinaweza kuongezwa baadaye kwenye kinyama kilekile bila kukatwa tena.

Ikiwa si saratani, uliza kama kuna tarehe ya kurudi, kwa kuwa wagonjwa wengi husikia neno "salama" na wasisikie lililofuata. Uvimbe wa jirani yangu ulikuwa fibroadenoma, na miezi minane ya kukosa usingizi ingeweza kuwa wiki tatu. Alipewa miezi sita arudie ultrasaundi, na tarehe hiyo ameiandika kwa wino kwenye jalada la daftari lake la kliniki, pamoja na saa halisi ya miadi, na pembeni yake namba 2 iliyozungushiwa duara ili binti asiitafsiri tena.